Kitambaa Kizima Hulia

Baba yangu hakuamini pua. Alisema pua ni mnafiki, ikikaa siku tatu karibu na choo, siku ya nne inakuruhusu ule chakula chako hapo hapo. Alichokiamini ni kitambaa. Alikuwa fundi cherehani Mbugangari, hapa Gisenyi, na baba yake naye alikuwa fundi cherehani. Kwa watu wa namna hiyo kila jambo la dunia lina mshono, na ukiutafuta kwa subira utaona mahali pa kuanzia kulifumua. Kwa hiyo kifua cha mama kilipozidi kubana, na kila mtu akaanza kusema ni moshi wa mlima, baba hakubishana wala hakukubali. Alichukua mkasi.

Njia yake ilikuwa hii. Alikata kitambaa cha popelini nyeupe, upana wa vidole vitatu, urefu kama toka kiwiko hadi kiganja. Alikitundika chini ya upenu, mahali ambapo jua na mvua havifiki, hewa peke yake. Baada ya mwezi alikiteremsha, akakichanja kidogo ukingoni, akakipasua kwa vidole gumba huku amekisogeza karibu na sikio. "Kitambaa kizima hulia," alikuwa akisema. Na kweli, popelini mpya ukiipasua inapiga kelele mpaka jirani anageuka. Ile iliyokaa kwenye moshi wa mlima ilikubali kimya kimya, kama mkate uliolowa.

Ujanja huu hakuuanza kwa ajili ya mama. Aliuanza kwa ajili ya aibu. Wanawake walikuwa wakirudi dukani na sare za watoto zilizopasuka mabegani, na mashati hayana hata miezi minne. Walisema fundi anatumia uzi uliooza. Baba alizishika zile sare, akaona uzi uko mzima, ila kitambaa kilichouzunguka ndicho kilichokata tamaa. Wenye malalamiko zaidi walikuwa wale wanaoanika nguo uani miezi ambayo mlima unatupigia moshi. Alijaribu kuwaeleza. Nani angemsikiliza fundi anayesingizia mlima? Lakini alipopasua vitambaa vyake na kusikia tofauti, alitulia, na tangu siku hiyo hakuacha tena.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimekalia cherehani ya pili, na sikuwa mtu wa kutulia. Nilikuwa nikishona mkono mmoja wa shati, naenda nje kutazama mlima, narudi kushona wa pili, natoka tena. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini na hakuna aliyekuwa ametulia. Mpaka unafungwa, mpaka unafunguliwa, leo kuna soko Goma, kesho hakuna. Baba alikuwa akiniuliza kama kiti changu kimewekewa makaa. Nilimjibu kwamba mimi angalau natazama mlima bure, sipotezi popelini.

Mlima wenyewe ni Nyiragongo, uko upande wa Kongo, lakini kutoka uani kwetu uliuona kama vile ni wa jirani anayepika siku nzima. Kiangazi, kuanzia Juni, upepo uliusukuma moshi wake kwenda Kongo ndani, kule Masisi, na vitambaa vyetu vililia vizuri. Vilitoka vichafu tu, maana kiangazi ndiyo miezi ya watu kuchoma mashamba, na malori ya kuvuka mpaka yalikuwa yanasimama Mbugangari injini zikiwaka toka asubuhi. Mwaka hadi mwaka malori yalizidi, na vitambaa vilizidi kuwa vyeusi. Kisha mvua zikikaribia, mwisho wa Agosti kuingia Septemba, upepo ulianza kuyumba. Hapo ulifungua mlango asubuhi ukapokewa na harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na mvua ya kwanza ilipoosha mabati, maji yake yalikuwa machachu. Kitambaa cha mwezi huo hakikulia.

Baba hakutosheka na upenu wetu. Kitambaa kimoja alimpa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekaa Goma, na kingine alimpelekea fundi mwenzake wa Nyundo, juu kule penye kanisa kuu. Kila mwezi vilirudi, kimoja mfukoni mwa mchuuzi, kingine kwenye kapu la mtu. Ili asivichanganye alivitia alama kwa uzi: mwekundu wa kwetu, mweusi wa Goma, wa kijani wa Nyundo, na idadi ya mishono ndiyo mwezi. Vipande vilivyopasuliwa vilikaa kwenye foronya. Kufikia mwaka wa tatu foronya ile ilikuwa imejaa, na mtu angeilalia.

Mama alikuwa akimcheka. "Bwana yangu iko nahifadhi matambara," aliwaambia wateja. "Banaume bengine banahifadhi mahari ya bibi ya pili. Mi nashukuru Mungu."

Lakini hakuwa na pumzi ya kumaliza kicheko. Alikuwa na pumu toka utoto wake Goma, ikija na kuondoka kama mgeni anayejua njia. Miaka ile ilikuja na haikuondoka. Akipanda vile vidaraja vitatu vya baraza alisimama juu, mkono ukutani, na kifua kikapiga filimbi. Tulikuwa na vidonge, na siku zilipokuwa nzuri tulikuwa na pompe ya kuvutia mdomoni. Muuguzi wa zahanati alituambia waziwazi, baba na mimi tumesimama mbele yake kama wanafunzi waliochelewa: dawa zinasaidia, lakini huyu mama mwondoeni kwenye moshi kabla mvua hazijaanza, kifua hiki hakitavuka Septemba nyingine kama ile iliyopita. Septemba iliyopita tulikuwa tumemsomea Yasini mara mbili.

Baba alijua wapi pa kumpeleka. Alikuwa na uzi wa kijani miaka mitatu unaomwambia. Vitambaa vya Nyundo vililia kila mwezi, kiangazi na mvua, hata mwaka ule mlima mwingine wa upande wa pili ulipopasuka na kutema moto na kitambaa cha Goma kikarudi na vitundu. Nyundo iko karibu, mtu mwenye miguu mizuri anafika kabla ya adhuhuri. Ila miaka ile barabara ya Nyundo haikuwa barabara. Leo watu wamepita, kesho wamesimamishwa, keshokutwa basi limechomwa. Kumpakia mwanamke asiye na pumzi kwenye gari na kumwombea yasimkute ya njiani, baba hakuweza.

Na mama naye hakusaidia. "Mi niende Nyundo kufanya nini? Kuhesabu kengele ya wakatoliki?"

"Kupumua," baba alisema.

"Napumua hapa."

"Hupumui. Unapiga filimbi."

"Bon, filimbi nayo ni pumzi."

Baba aliacha kulala. Chumba chao kilikuwa ukuta mmoja na changu, na kila nilipogeuka kitandani nilimsikia yuko macho, akisikiliza. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Mara moja alikata suruali ya kaki miguu yote miwili ya kushoto. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupoteza hata kipande cha mfuko! Niliiona, nikaificha chini ya cherehani, nikakata nyingine. Sikumwambia. Ndani yangu nilikuwa nimeanza kumkasirikia mama kwa kuumwa, na kumkasirikia baba kwa kumpenda kiasi kile, na kuukasirikia mlima kwa kuwa mlima.

Halafu mwezi Agosti, sare za shule zikiwa zimejaa mezani hadi darini, kaki za wavulana na bluu za wasichana, baba alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba ameshika kitambaa. Hiki kilikuwa na uzi wa njano. Sikuwa nimewahi kuona uzi wa njano.

"Sikia hii. Sikia!" Akakipasua karibu na sikio langu, kikalia mpaka nikaruka.

"Cha Nyundo?"

"Cha hapa! Cha chumba cha majora!"

Nyuma kabisa ya nyumba yetu kulikuwa na chumba kidogo ambamo baba aliweka majora ya vitambaa. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na tundu moja la hewa juu karibu na dari, na hilo baba alikuwa amelishindilia matambara na gundi ya unga miaka mingi iliyopita ili unyevu na moshi visiingie. Bila kumwambia mtu alikuwa ametundika kitambaa humo mwezi mzima. Kiliimba kuliko cha Nyundo. Aliinua mikono yote miwili, akamwita mama kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi.

"Mama batoto! Nyundo iko humu ndani ya nyumba!"

Tulihamisha kitanda siku hiyo hiyo. Baba aliongeza matambara kwenye tundu, akashona mto mrefu mwembamba wa kuziba chini ya mlango, mto mzuri, wenye pindo, kana kwamba ni wa arusi. Mama alilala humo kati ya majora ya kaki na bluu na kusema sasa amekuwa bidhaa. Siku mbili za kwanza alikuwa na nafuu. Hilo sikuliota. Nje upepo ulikuwa umeanza kugeuka, harufu ya kiberiti imekuja, na ndani mle ulisikia kitambaa kipya tu na sabuni. Baba alilala. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilisikia mkoromo wake kupitia ukuta, nikacheka peke yangu.

Sasa nifike kwenye langu. Pasi zetu zilikuwa za mkaa, mbili, moja inafanya kazi wakati nyingine inakolea. Siku zote nilipigia pasi barazani. Lakini moshi ulipogeuka, masizi ya malori na vumbi la mlima yalikuwa yakishuka juu ya shati nililokwisha kunyoosha, na nguo zilitoka na harufu ile. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Na mama alikuwa peke yake kule nyuma, akigonga ukuta mara kwa mara ili tu mtu aende amsemeshe. Nikasema, basi nitahamishia meza ya pasi kule, nimalize kazi na nimwondolee upweke. Nilijiona mwerevu. Baba alinisifu. Nilibeba meza, nikabeba pasi zote mbili na jiko la kukoleza mkaa, nikaliweka kwenye kona, nikafunga mlango nyuma yangu na kuusukuma ule mto mzuri mahali pake kwa kisigino.

Majuma matatu tulifanya hivyo. Ukisoma hapa unajua tayari, na unashangaa ilikuwaje sisi hatukujua. Niulize mimi. Kila fundi wa mji huu alikuwa na pasi ya mkaa, na mkaa kwetu haukuwa moshi. Moshi ni kitu unachokiona, kina rangi, kinatoka mlimani au kwenye bomba la lori. Mkaa ukishakolea hauna kitu, unang'aa tu na kukupa joto. Kichwa kilianza kuniuma kila alasiri, nikasema ni mlima. Mama alianza kusinzia katikati ya maneno, akakataa chakula, akatapika mara mbili. Tukasema mlima mwaka huu umekuja na hasira, na kama huku ndani ni hivi, fikiria angekuwa nje!

Baba naye alitia shaka siku moja. Nasema hili kwa kumtendea haki. Alimtazama mama, akatazama pasi, akakunja uso. Kisha akafanya alichojua. Alikuwa ametundika kitambaa kingine mle siku tulipohamia, akakiteremsha kabla ya mwezi wake, akakipasua.

Kikalia.

"Hewa ni nzuri," alisema, na mabega yakashuka, akatundika kingine. "Ni ugonjwa tu unatoka. Utatoka."

Kitambaa kilikuwa kinalia na mama alikuwa anazidi kunyong'onyea, na sisi wawili, mafundi wa kuzaliwa, tuliamini kitambaa.

Siku yenyewe mvua ilinyesha toka saa sita. Ilikuwa mvua ya kwanza kubwa, ile yenye maji machachu, na harufu ya mlima ilikuwa nzito hata baba aliyekuwa haamini pua alikohoa. Alikwenda msikitini kwa sala ya alasiri, akaniambia nifunge mlango vizuri. Nilifunga. Pasi zote mbili zilikuwa zinawaka kwa sababu kulikuwa na sare arobaini za kumaliza. Nakumbuka nilinyoosha kola moja mara nyingi sana. Nilikuwa nikiona imenyooka na siwezi kuiacha. Nilimwambia mama kitu, hakujibu, nikadhani amelala. Miguu yangu ilikuwa mbali. Nikakaa chini kidogo kupumzika, mgongo kwenye jora la bluu, na nilijisikia vizuri mno, mimi ambaye sikuwahi kukaa.

Aliyetufungulia ni mama mmoja wa Mudende, muuza viazi. Alikuwa ameshuka kuchukua sare za watoto wake wanne. Hakukuta mtu dukani, akaita, akapita hadi nyuma. Alisukuma mlango ukakwama kwenye mto. Akausukuma kwa bega lililozoea magunia.

"Iko nini humu? Muko nakaanga batu?"

Sauti yake niliisikia kama inatoka chini ya ziwa. Alinishika kwapani akanitupa uani kwenye matope. Akarudi. Alimbeba mama mgongoni kama mtoto, na shuka likiburuzika nyuma, akamweka chini ya upenu, akaanza kumpiga mgongoni na kumwita kwa kila jina la mama analolijua. Mama alikuwa na midomo ya rangi nisiyotaka kuieleza. Mvua ilinipiga usoni, nikatapika, na hewa ya nje, ile hewa ya kiberiti tuliyoikimbia majuma matatu, iliingia kifuani mwangu ikiwa tamu. Nilivuta, nikavuta. Kisha mama akavuta. Filimbi ile niliyoichukia maisha yangu yote ilipiga, nikaanza kulia kwa sauti.

Yule mama wa Mudende hakuwa na huruma ya maneno. Alirudi ndani akatoka na jiko, akaumwaga mkaa wake kwenye dimbwi, ukapiga kelele za mvuke. Akamwaga pasi zote mbili. "Bibi ya kaka yangu alikufa hivi," alisema. "Baridi ya Mudende. Aliingiza imbabura, jiko ya mukaa, ndani, akafunga. Asubuhi tulimukuta yeye na mutoto, bazuri, bamelala. Na ninyi muko batu ya mujini, basomi!"

Baba alitukuta hivyo, amelowa, kofia yake ya msikitini imenata kichwani. Yule mama alimwambia yote, tena mara mbili. Baba alipiga magoti kwenye matope, akaweka sikio kifuani kwa mama, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akainuka na kuingia kile chumba. Nilimwona kupitia mlango uliobaki wazi. Alikiteremsha kitambaa cha uzi wa njano, akakichanja, akakipasua. Kililia hadi sisi wa nje tukasikia.

Alitoka nacho, kipande mkono huu na kipande mkono ule, akamwonyesha yule mama kana kwamba ni hakimu. "Lakini iko nzima," alisema. "Sikia. Iko nzima."

Yule mama alivitazama vile vipande, akamtazama yeye. Ukali ulimtoka usoni. "Fundi," alisema taratibu, "sasa kitambaa iko na mapafu?"

Baba alivisogeza tena sikioni vile vipande. Sijawahi kumwona baba yangu hivyo, kabla wala baada, na nisingependa mtu yeyote amwone baba yake hivyo. Alikaa kwenye kidaraja cha baraza mvua ikimnyeshea, na ilibidi mimi, niliyekuwa bado siwezi kusimama sawasawa, niwe wa kumwambia aingie ndani.

Mama alipona kwa kadiri ya kupona kwake. Septemba ile tuliivuka yeye akilala barazani mchana, kitambaa chenye maji kimefunika pua, na vidonge, na pompe aliyoituma mama mdogo kutoka Goma. Ilikuwa Septemba mbaya lakini ya kawaida. Barabara ilipotulia, baba alimpandisha Nyundo mwenyewe, kwa yule fundi mwenzake aliyekuwa na chumba cha akiba, na mama alikaa huko miaka mingi kuliko alivyopanga, akizihesabu kengele za wakatoliki na kuzizoea. Baba alipanda kila Ijumaa baada ya sala. Vitambaa hakutundika tena.

Siku hizi nasikia redioni kuna watu ambao kazi yao ni hiyo hiyo, kupima moshi mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka, kwa mitambo iliyoko angani. Wana majina ya vitu ambavyo sisi tuliviita moshi tu: salfa ya mlima, naitrojeni ya malori na ya mashamba yanayochomwa. Wanasema upepo hugeuka na mvua, na kwamba ya kiangazi si ya masika. Huwa naikoroga chai yangu na kusema, baba aliyajua haya kwa popelini. Na ni kweli, aliyajua. Kuhusu mlima hakukosea hata mwezi mmoja. Alijua kila kitu ambacho hewa inaweza kukifanyia kitambaa.

Lile langu la kubeba jiko nilikuwa nimelifungia moyoni, na kila nilipokwenda Nyundo nilizunguka chumbani kwa mama, natoka, naingia, nagusa hiki, nagusa kile. Mwaka uliofuata, siku moja tulikuwa tunachambua maharage uani kwa fundi, mama amekaa kwenye mkeka, mimi nimesimama kama kawaida. Nikashindwa. Nikamwambia ni mimi niliyeingiza mkaa, si baba, si mlima, ni mimi, na anisamehe.

Mama aliendelea kuchambua. "Mi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ile mukaa. Siku ya tatu tu toka ulete meza. Ukitoka na pasi nilipata pumzi, ukirudi ilikwisha. Mi niko na pumu toka mutoto, we unafikiri sijui nini inanikaba?"

Nilimwaga maharage. Nilimuuliza, nadhani nilipiga kelele, kwa nini basi hakusema, majuma matatu, alikuwa anangoja nini, alitaka kufa akiwa amenyamaza? Mke wa yule fundi alichungulia dirishani. Mama yangu aliokota maharage moja moja, akangoja nimalize.

"Baba yako alikuwa nalala," alisema. "Ulimusikia? Miaka ngapi hakulala. Nikasema, bon, wacha alale kidogo, nitasema kesho. Kesho yake tena nikamusikia nakoroma. Nikasema, kesho."

Nilitaka kumjibu kwa hasira, na hasira nilikuwa nayo tele, kwamba hakuna usingizi wa mtu yeyote unaostahili bei hiyo. Badala yake nikakaa chini kwenye mkeka, nikamsaidia kuokota, kwa sababu nami majuma yale matatu nilikuwa nalala vizuri, usiku kucha, na sikuwa nimeamka hata mara moja kusikiliza.